Vitabu Arobaini na Kimoja

Duluth, Minnesota
Ijumaa Kuu, 28 Machi 1986

Mwanangu Kirsten,

Barua yako ya tarehe 20 Januari imekaa juu ya meza yangu ya chakula wiki tisa bila jibu, na kila asubuhi nimekuwa nikiisogeza ili nipate mahali pa kuweka sahani. Naomba radhi. Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi nyote kwamba barua hujibiwa ndani ya wiki moja, kwa hiyo sitajitetea sana. Kifundo cha mkono kilinisumbua wakati wa baridi, na simu siipendi, kama ujuavyo.

Nimefurahi kusikia kwamba bodi ya shule imekubali hatimaye kununua vifaa vipya vya Kijerumani. Miaka saba umefundisha kwa vitu nilivyokuachia, nami miaka ishirini na minane nilifundisha kwa vitu nilivyookoteza. Umeomba maoni yangu kuhusu vitabu vitatu vilivyo mbele ya kamati. Nimevisoma vyote, ukurasa kwa ukurasa.

Kile chenye jalada la njano: katika sura ya kwanza vijana wanaagiza soda, katika ya pili wanaagiza chipsi, katika ya tatu wanatafuta choo. Nilifika sura ya nane bila kuona kitenzi kimoja cha wakati uliopita. Hao ni watu wasio na jana. Cha pili, kilichochapishwa huku kwetu, kisiingie darasani kabisa. Mtoto atakayekisoma ataamini kwamba kila Mjerumani anaishi mlimani, amevaa kaptula ya ngozi na ameshika bilauri ya bia. Cha tatu hakina picha hata moja, lakini majedwali yake ya sarufi ni safi. Ningekuwa wewe, ningechagua cha tatu. Najua hutakichagua. Basi chukua cha njano, na wakati uliopita uwafundishe mwenyewe.

Kaseti nunua. Nilizikataa nilipokuwa kazini, na nilikosea. Mtoto anahitaji kusikia sauti nyingine mbali na ya mwalimu wake. Ramani kubwa ya ukutani itupe. Mipaka yake ni ya kabla ya vita, na mtoto hapaswi kufundishwa uongo hata kama umechorwa vizuri.

Vitabu vya nyimbo vilivyomo katika kabati la chumba namba tisa vibakize. Muziki hauzeeki. Umeuliza kuhusu kurasa zinazokosekana mwanzoni: jalada lilikuwa bovu, zikachomoka. Ni jambo la zamani.

Barua yako nairudisha humu. Makosa ni matatu. Lile nililolipigia mstari mara mbili ulikuwa ukilifanya ukiwa na miaka kumi na minne.

Akupendaye,
Irmgard Tesch


Ebersfeld, Wisconsin
9 Aprili 1986

Mwalimu wangu mpendwa,

Asante kwa barua, na asante hata kwa wino mwekundu. Nimeibandika kwenye friji ili initie adabu kila ninapochukua maziwa.

Kamati ilikaa juzi. Mkuu wetu wa shule, Bwana Lowell Hagberg, alifungua kikao kwa kuuliza kama Kihispania kisingekuwa na faida zaidi kwa watoto. Hakumaliza. Delbert Wuensch wa kiwanda cha jibini, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa bodi, alimkata kauli.

"Lowell, babu yako Mswidi, wewe huwezi kuelewa mambo haya. Tukifuta Kijerumani, bibi yangu atafufuka aje anicharaze na mwiko."

"Bibi yako alikuwa anakutukana tu kwa Kijerumani, Delbert. Wewe mwenyewe ulisema."

"Tena matusi ya maana! Mpaka leo sijasahau hata moja. Sasa niambie, kitabu gani kinafundisha vizuri hivyo?"

Kitabu cha njano kimepita kwa kura tano dhidi ya moja. Samahani. Watu wasio na jana wanahamia chumba namba tisa mwezi Agosti.

Sasa kuna fomu. Katika wilaya jirani mzazi mmoja alifungua kesi kwa sababu ya filamu iliyoonyeshwa darasani, na tangu hapo Hagberg halali. Anataka kila kifaa, kipya au cha zamani, kiandikwe jina lake, mchapishaji wake na mwaka wake, na chini mwalimu aweke sahihi. "Kila kitu, Kirsten. Hata chaki ikiwa na jina."

Kwa hiyo Jumamosi nilivitoa vitabu vya nyimbo vyote, arobaini na kimoja, nikavipanga sakafuni. Mwalimu, zile kurasa hazikuchomoka. Zimekatwa kwa wembe. Kila kitabu kimekatwa mahali pale pale, mwanzoni na tena katikati, na mkato umenyooka. Hagberg alipita mlangoni akanikuta nimepiga magoti, akachungulia na kusema, "Duh! Panya wa hapa wana rula?" Nilicheka. Sijui nilichokuwa nacheka.

Naomba uniambie, kwa ajili ya fomu tu: nani alivichapisha, na mwaka gani?

Mwanafunzi wako,
Kirsten Vollbrecht


Duluth
21 Aprili 1986

Mwanangu Kirsten,

Katika fomu andika hivi: mchapishaji hajulikani, Milwaukee, yapata 1925. Vitabu hivyo vilikuwa vya chama cha waimbaji cha baba yangu. Kurasa zilizokatwa zilikuwa na matangazo ya viwanda vya bia, yasiyofaa kwa watoto. Nilizikata mwenyewe. Ningekuambia hivyo tangu mwanzo, lakini sikuliona kuwa jambo la kuandikiwa barua.

Kuhusu wanafunzi wa Ujerumani ambao uliandika Januari kwamba watawatembelea Oktoba: waimbieni nyimbo za mavuno. Ule wimbo wa mwenge, ulio katika vitabu hivyo, uacheni. Ni mgumu kwa wavulana ambao sauti zao zinavunjika.

Kitabu cha njano nakitakia heri.

Irmgard Tesch


Ebersfeld
Jumapili, 19 Oktoba 1986

Mwalimu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na kosa langu. Hatukuuacha ule wimbo wa mwenge. Watoto wanaupenda kuliko zote, na ndio wa kwanza ulionifundisha mimi. Niliwaambia tutaufanya wa mwisho, kwa heshima yako, kisha nikuandikie jinsi ukumbi ulivyosimama. Wavulana walifanya mazoezi wiki sita.

Ijumaa ukumbi wa michezo ulijaa. Akina mama walileta soseji, kabichi chachu na keki ishirini na mbili, nilizihesabu. Wageni kutoka Hallenrode, wanafunzi kumi na wawili na mwalimu wao Bwana Oltmanns, tuliwaketisha mbele. Nyimbo za mavuno zilipendeza. Mgeni mmoja alikuwa akipiga makofi kufuata mapigo. Kisha nikainua mkono, na watoto wetu wakasimama wima, bila vitabu, migongo imenyooka kama ulivyotufundisha.

Katika ubeti wa kwanza wageni waliacha kutabasamu. Katika wa pili, msichana anayelala kwa akina Wuensch aliinamisha kichwa akaziba uso. Bwana Oltmanns alisimama, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akatoka. Nilidhani anaumwa. Niliendelea kuongoza. Tulipomaliza, watu wetu walisimama wote wakashangilia, na Delbert Wuensch alikuwa akifuta machozi. Wageni kumi na wawili walibaki wamekaa.

Nilimkuta nje ya ukumbi, karibu na bomba la maji ya kunywa.

"Bi. Vollbrecht, nani amewafundisha watoto hawa wimbo ule?"

"Mimi."

"Na wewe, nani alikufundisha?"

"Mwalimu wangu. Ni wimbo wa zamani, Bwana Oltmanns. Wa mwaka 1925."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele za watu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama, wimbo ule umetungwa mwaka 1934. Niliuimba nikiwa na miaka kumi, nimevaa sare, nimeshika mwenge wa kweli, na nyuma yangu walikuwa wamepanga vitabu vya kuchoma. Kwetu hauimbwi. Wanafunzi wangu wanaujua kwa sababu tunawafundisha ulikotoka." Kisha akaomba radhi kwa kutoka katikati ya wimbo. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Jana yule msichana alimwambia mke wa Delbert, "Tulidhani mnatukejeli."

Kesho Hagberg ananiita, na fomu iko kwenye faili lake na sahihi yangu chini. Niambie kwamba hukujua. Nitakuamini.

Kirsten


Ebersfeld
16 Novemba 1986

Mwalimu,

Hii ni barua ya pili bila jibu. Kama unaumwa, mwombe jirani aniandikie mstari mmoja.

Wameniondoa darasani kwa muda. Nasimamia chumba cha kujisomea na kuhesabu vichwa. Kijerumani kimesimama, watoto wanakaa maktaba na kaseti za kitabu cha njano wakiagiza soda. Kwenye duka la nyama nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Si ndiye aliyesoma Ujerumani mwaka mzima? Kavileta yeye hivyo vitabu. Wanarudi na mambo yao huko." Aliponiona akaniuliza bei ya maini, kana kwamba mimi ndiye muuzaji.

Bodi itanisikiliza Jumatatu tarehe 8 Desemba. Hagberg ameniuliza mara tatu: "Huu mwaka 1925 uliutoa wapi, Kirsten? Niambie tu jina, nikusaidie." Sijataja jina lako. Nilisema nilikadiria.

Kirsten


Duluth
30 Novemba 1986

Mwanangu Kirsten,

Siumwi. Barua zako zote mbili nilizifungua siku ileile zilipofika. Na mkono wangu haujawahi kuniuma. Niseme hilo kwanza, maana ndilo dogo.

Nilijua.

Baba yangu alikuwa fundi bomba Milwaukee. Mwaka 1935 alijiunga na chama cha Wajerumani wa Amerika waliomshangilia Hitler wakiwa huku, mbali na gharama yake. Chama kilikuwa na kambi ya watoto kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Majira ya joto ya mwaka 1937 walihitaji msichana mwenye Kijerumani safi awe kiongozi wa wasichana wadogo. Kijerumani changu kilikuwa safi kuliko cha wote. Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wangu wa tatu chuoni. Sikuwa mtoto.

Nilipewa sketi ya buluu, blauzi nyeupe na wasichana thelathini na wawili. Asubuhi tulipandisha bendera mbili. Jioni niliwafundisha nyimbo kutoka katika vitabu vilivyotumwa kwa meli, na ule wa mwenge niliufundisha mimi, mstari kwa mstari. Aliyekosea neno nilimchapa vidoleni kwa kijiti. Kulikuwa na mtoto mmoja, Lieselotte, wa miaka minane, ambaye hakutaka kuinua mkono wakati wa kuimba. Alisema mkono wake umechoka. Nilimsimamisha mbele ya wenzake hadi alipouinua, naye alipouinua niliwaambia wampigie makofi.

Hakuna aliyenilazimisha. Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka mtu aliyenilazimisha, na simpati. Nilikuwa na furaha majira yale ya joto kuliko wakati wowote kabla au baada yake. Hilo ndilo lililoifanya barua hii ichelewe.

Vita vilipotufikia mwaka 1941, chama kilivunjwa, na baba akavificha vitabu vilivyobaki juu ya dari. Mwaka 1951 bodi ya Ebersfeld ilirudisha Kijerumani bila kutoa hata dola moja ya vitabu. Nilikuwa na watoto arobaini na sina cha kuwapa. Nilikwenda kwa baba nikachukua vitabu arobaini na kimoja. Jumamosi moja mchana, peke yangu katika chumba namba tisa, nilikata kwa wembe wake wa kunyolea ukurasa wa jina, dibaji, picha na nyimbo nne, nikazichoma katika jiko la shule. Ule wa mwenge niliubakiza. Nilijiambia hauna jina la mtu wala bendera ndani yake. Ukweli ni kwamba niliupenda, na nilitaka kuusikia tena ukiimbwa na watoto.

Niliusikia miaka ishirini na minane. Na wewe ulikuwa miongoni mwao, mstari wa mbele, una miaka kumi na minne.

Ulipoandika Januari kuuliza kuhusu kurasa, nilielewa kwamba umeshika uzi. Nilikupa jibu la uongo, kisha nikakupa mwaka wa uongo, nawe ukautilia sahihi. Nimewaaibisha watoto wa Ebersfeld mbele ya wageni wao, na nimekuacha uibebe aibu hiyo peke yako kwa wiki sita.

Nitapanda basi la Jumapili, na tarehe 8 nitasimama mbele ya bodi na kusema yote niliyoyaandika hapa.

Irmgard Tesch


Ebersfeld
4 Desemba 1986

Mwalimu,

Njoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni na koti mwilini, na nilipomaliza nilikuwa bado na koti mwilini na giza limeingia. Nilitaka kukuandikia maneno makali. Niliandika kurasa mbili, nikazichana, si kwa sababu hukustahili, bali kwa sababu nilifika mahali nikakwama.

Mahali penyewe ni hapa. Katika barua ya Aprili uliandika kwamba kurasa zilikuwa na matangazo ya viwanda vya bia, mwaka 1925, Milwaukee. Mwaka 1925 pombe ilikuwa marufuku nchi nzima. Viwanda vya Milwaukee vilikuwa vikitengeneza peremende na jibini ili visife. Nafundisha historia ya Amerika kipindi cha tano, Mwalimu. Jambo hilo liko katika mtihani wangu, swali la kumi na moja.

Nililiona. Niliisoma sentensi ile, nikaliona, nikageuza karatasi, nikachukua kalamu na kujaza fomu. Nilipenda zaidi uwe mkweli kuliko nilivyopenda kujua. Kwa hiyo nilipomwambia Hagberg kwamba nilikadiria, sikusema uongo kabisa: mwaka ule niliuchagua mwenyewe.

Basi la Duluth linafika saa kumi alasiri mbele ya benki. Nitakusubiri. Hatutazungumza kabla ya kikao. Sidhani kama ninaweza.

Na usije kuniokoa mimi. Watoto watakuwepo, bodi imewaruhusu. Wanataka kujua waliimba nini.

Kirsten


Duluth
18 Desemba 1986

Kirsten,

Uliona. Sina haja ya kukusimulia, lakini nitasimulia, maana nikikuachia wewe nitakuwa nimenyamaza tena.

Nilisimama na karatasi mkononi. Nilisema kwamba mwaka 1925 ulitoka kwangu, kwamba kurasa nilizikata mimi, na kwamba wewe hukuwa na hatia. Mpaka hapo nilisoma vizuri. Kisha nikafika kwenye kambi. Niliinua macho nikaona nyuso zao, watu niliowafundisha na watoto wao, na Delbert Wuensch akitikisa kichwa kwa huruma. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba vitabu vilikuwa vya baba yangu, kwamba baba ndiye aliyekuwa mwanachama, na kwamba mimi wakati ule nilikuwa msichana mdogo tu, nikipelekwa kambini kama wengine.

Karatasi ilikuwa mkononi. Yaliyobaki yalikuwa yameandikwa. Niliikunja.

Na walivyonipokea! "Kaa chini, Mwalimu, kaa," Delbert alisema, "hakuna anayekulaumu. Nusu ya watu waliomo humu baba zao walikwenda kula soseji kwenye kambi ile. Wangu ndiye aliyeendesha lori." Watu wakacheka, cheko la watu waliotuliwa mzigo. Mwanamke mmoja alinibusu mashavuni. Wakapiga makofi, nami nilisimama pale nikiyapokea, kama nilivyomfanya yule mtoto ayapokee.

Wewe hukupiga makofi. Ulikuwa umekaa safu ya tatu, mkoba magotini, umeushika kwa mikono miwili. Nilijua barua yangu imo. Nilingoja usimame. Nusu yangu iliomba usimame.

Nashukuru wamekurudishia darasa lako.

Leo nimepata barua ya bodi. Wanataka chumba namba tisa, kitakapopakwa rangi upya, kiitwe kwa jina langu, "kwa ujasiri wake wa kusema ukweli." Wanataka pia niingie katika kamati itakayochagua vifaa vilivyobaki. Nimeisoma mara nyingi. Haina kosa hata moja.

Sijamjibu Delbert. Niambie nifanye nini.

Irmgard Tesch


Ebersfeld
22 Desemba 1986

Bi. Tesch,

Nimerudi darasani wiki iliyopita. Siku ya kwanza sikufungua kitabu chochote. Niliwauliza wana maswali gani. Todd Riemer, aliyeimba sauti ya chini, akasema, "Kwani tulifanya kosa gani? Tuliimba tu." Mwenzake wa nyuma akamwambia, "Nyamaza wewe, uliona yule dada alivyolia?" "Niliona! Ndiyo maana nauliza." Walibishana hadi kengele, na sikuwakatiza. Kabla ya kutoka, msichana mmoja aliniuliza kama yule bibi aliyezungumza kwenye kikao alikuwa na umri gani alipopelekwa kambini. Nilimwambia sina hakika.

Nilimwangalia machoni nikamwambia hivyo. Nimejifunza upesi.

Ijumaa kilifika kifurushi kutoka Hallenrode. Nilimwandikia Bwana Oltmanns mwezi Novemba kumwomba ushauri wa vifaa, maana kitabu cha njano, kama ulivyosema, hakina jana. Nilitarajia orodha ya vitabu. Ndani yake mlikuwa na picha moja. Mvulana wa miaka kumi amevaa sare, ameshika mwenge, anatabasamu, jino moja la mbele halipo. Nyuma ya picha kuna jina lake kamili, tarehe, na mstari mmoja: "Huyu ni mimi. Waonyeshe, na waambie nilikuwa nafurahi." Katika barua ameeleza kwamba huwaonyesha wanafunzi wake kila mwaka. Nimeiandika picha hiyo katika fomu ya vifaa. Hagberg aliisoma, akavua miwani, akaivaa, akaweka muhuri.

Umeniuliza ufanye nini. Umenisahihisha tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na sijui kukusahihisha. Wala sitaki kujifunza. Barua yako ya tarehe 30 Novemba iko kwangu. Sikusimama nayo siku ile kwa sababu haikuwa yangu kusoma, na bado si yangu. Hakuna atakayeiona.

Lakini Hagberg amenipa karatasi ya kukipa chumba jina lako. Kwa utaratibu wao lazima mwalimu wa somo aweke sahihi, chini kabisa, pembeni ya maneno "kwa ujasiri wake wa kusema ukweli." Nisipoiweka wataniuliza sababu, na sina sababu ninayoweza kuwapa isipokuwa moja. Nikiiweka, nitaingia katika chumba hicho kila asubuhi hadi nitakapostaafu.

Bodi inakutana Jumatatu tarehe 12 Januari, saa moja jioni. Mtu yeyote anaruhusiwa kusema kwa dakika tatu, na hahitaji kujiandikisha.

Karatasi iko mezani kwangu. Sijatia sahihi, wala sijakataa. Nikishaamua, nitakuandikia.

Kirsten Vollbrecht